Mzee Rudia na Mkwe wa Chumba cha Chini

Kila asubuhi kabla ya kushika zamu, Mzee Rudia alifuta kioo cha mnara wa kuongozea ndege. Mnara ulikuwa na mtu wake wa usafi na kioo kilikuwa kimeshafutwa, lakini yeye alichana gazeti la jana, akalilowesha kidogo, akaanza upande ndege zinakotokea na kumalizia upande zinakoishia. Alifuta ndani tu, maana nje hakufikiki. Akikuta doa la kinyesi cha wale ndege wenye manyoya alilikwangua kwa ukucha, akakwangua weee, kisha akakumbuka kuwa liko nje, akaacha.

"Mzee, hicho kioo utakitoboa," Twiga alimwambia.

"Nikikitoboa utaona vizuri zaidi."

Twiga alikuwa mwongoza ndege mwenzake hapo mnarani, mwanamke mrefu wa kuinama mlangoni, mdomo wake haukuwa na breki. Jina la Twiga alilichukua mwenyewe kabla watu hawajampa baya zaidi. La Rudia lilitoka kwa wanafunzi. Mzee alikuwa akiwafundisha vijana kazi ya kuongoza ndege, na neno lake kubwa lilikuwa hilo. Ukimwambia jambo, alilirudia neno kwa neno. Akikwambia jambo, alikungoja ulirudie, na usipolirudia alisema, "Rudia," taratibu, bila hasira. Hata nyumbani. Mkewe akimtuma sukari na sabuni, alisimama mlangoni akasema, "Sukari na sabuni," na mpaka ajibiwe "ndiyo" ndipo alipotoka. Watoto wa jirani walimwigiza, naye aliwasikia, akanyamaza.

Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi: ndege zisikaribiane. Mtu wa mnarani anatazama kwa macho. Njia ya kurukia ni yake, na anga ya karibu inayoonekana kiooni ni yake. Chini ya mnara kuna chumba kisicho na dirisha, baridi muda wote kwa ajili ya mitambo, na humo anakaa mtu wa rada. Yeye haoni ndege hata moja. Anaona nukta, na kila nukta ina jina lake na urefu wake kutoka ardhini. Ndege ikiruka, inatoka mkononi mwa wa juu na kuingia mkononi mwa wa chini. Ikija kutua, ni kinyume chake. Kabla ya kupokezana lazima waulizane kwa simu ya ndani. Wa juu anaomba, wa chini anakubali au anakataa.

"Kukataa ni nusu ya mshahara wenu," Mzee Rudia alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Kama utakubali kila kitu, afadhali tuweke kiti kitupu."

Sasa, aliyekaa chumba cha chini alikuwa mkwe wake.

Alikuwa mwanafunzi wake kwanza. Na katika wanafunzi wote, huyu ndiye aliyekuwa mbishi. Mwalimu akimwambia ndege ipite hapa, yeye alisema haipiti, akaeleza kwa nini, mkono kiunoni. Mara moja alimkatalia mbele ya darasa zima mpaka mzee akatoka nje kwenda kucheka. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe, "Kuna msichana pale, ukimwambia jua linachomoza anauliza nani kakuruhusu." Mwanawe wa kiume alikuwa mezani anakula. Alitaka kumwona huyo msichana. Akamwona, mambo yakaenda, wakaoana.

Tangu siku ya harusi, ubishi ukakatika kama maji ya bomba. Akaanza kuitikia kwa sauti ya chini, macho kwenye vidole vya miguu. Akimpa mzee kikombe alikishika kwa mikono miwili. Na kwenye simu ya ndani, asubuhi, kitu cha kwanza kilikuwa, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Kuna nini huko chini?"

Hapo alimweleza ndege zake, naye akazirudia. Kisha siku nzima ikawa mzee anaomba, yeye anajibu, "Sawa, Baba." Mzee alifurahi. Aliona wameelewana kuliko watu wote kwenye kituo. Aliwaambia wenzake kwamba yeye na mkwe wake hawana haja ya maneno mengi.

Siku moja kwenye kibanda cha chai, rubani mmoja wa ndege ndogo, mtu wa masihara, alimwekea mkono begani.

"Mzee, wewe ukiwa juu na yule binti akiwa chini, sisi wengine tunakoma. Tunazungushwa kama nguo kwenye ndoo."

"Ndege zimekuwa nyingi," mzee akamjibu.

"Akiwa Twiga mbona hatuzungushwi?"

"Twiga anakuogopa."

Rubani akacheka, mzee akacheka, chai ikanywewa. Neno lile halikumwingia.

Siku ya tukio hali ya hewa ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kusingizia. Mkwe alikuwa amepiga simu mapema. "Baba, nina ndege ya madaktari, inatoka upande wa kilima, iko futi elfu tatu."

"Ndege ya madaktari, upande wa kilima, futi elfu tatu," mzee akarudia. Hakukosea hata kidogo.

Muda huohuo trekta la kukata nyasi likazimika kando ya njia ya kurukia. Dereva akashuka, akafungua injini, akaanza kukuna kichwa. Mzee akashika redio ya magari. Twiga naye akawa anapiga kelele kwenye simu nyingine. "Mwambieni asikune kichwa, asukume!" Watu wa zimamoto wakasukuma mpaka trekta likatoka, na dereva akapunga mkono kama aliyeshinda mashindano. Kumbe katika yote hayo, ndege ya madaktari ilikuwa imeshatoka kichwani mwa mzee. Ilitoka tu, kama jina la mtu unayemjua linavyotoka.

Mwanzoni mwa njia kulikuwa na ndege ndogo ya abiria, imengoja kwa sababu ya trekta, rubani wake keshaanza kuguna. Mbali kidogo ndege kubwa ilikuwa inakuja moja kwa moja kutua. Mzee akapima kwa jicho. Ile ndogo ingeweza kuruka kabla ya kubwa kutua, mradi ikishanyanyuka ikate kushoto mapema. Kushoto ni upande wa kilima.

Akabonyeza simu. "Mkwe, namtoa huyu mdogo kabla ya mkubwa wako. Akinyanyuka akate kushoto, futi elfu tatu."

Kukawa kimya. Si kimya kirefu, ni kama mtu aliyeanza kuvuta pumzi akasita.

"Kushoto, futi elfu tatu. Sawa, Baba."

Ndege ndogo ikaruka, ikakata kushoto. Huko chini mkwe aliwahi redio yake amwambie rubani wa madaktari apinde haraka, lakini kulikuwa na rubani mwingine anazungumza, anauliza habari za upepo na kushukuru na kuaga, na redio hairuhusu wawili kwa pamoja. Alipopata nafasi, nukta mbili zilikuwa zimeshasogeleana.

Juu mnarani mzee aliona kiooni kitu kimoja kidogo upande wa kilima, kisha kile kitu kimoja kikawa viwili. Akasimama bila kujua amesimama.

"Mnara," ikaja sauti ya rubani wa ndege ndogo, kavu. "Hiyo ndege niliyopishana nayo sasa hivi, mlikuwa mnajua ipo?"

Hakuna aliyeumia. Abiria wengi hawakujua, wachache waliona ndege nyingine dirishani wakafikiri ndivyo inavyokuwa. Rubani wa madaktari alisema baadaye kwamba ameiona hata rangi ya tai ya mwenzake.

Mkuu wa kituo aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa mtu mnene, mpole, na yeye pia aliwahi kufundishwa na Mzee Rudia. Mezani kulikuwa na kinasa sauti. Akakiwasha, wakasikiliza. Sauti ya mzee, kimya, kisha "Sawa, Baba." Akarudisha nyuma, akawasha tena. Mara ya pili kile kimya kilisikika kirefu zaidi.

"Ulijua ndege ya madaktari iko pale?" mkuu akamuuliza mkwe.

"Nilijua."

"Mbona ukakubali?"

"Nilidhani nitaiwahi yangu, niipindishe."

"Kwa nini usimkatalie tu?"

Mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja. Akasema, "Ni baba."

"Umewahi kufanya hivyo siku nyingine? Kupindisha zako ili yeye apite?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mzee akageuka kumtazama. Rubani wa masihara akamrudia kichwani, na ndoo yake.

"Kosa ni langu," mzee akasema. "Nilielezwa na nilirudia, halafu nikasahau."

"Kusahau kunajulikana, Mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu mmoja atasahau, ndiyo maana tumeweka wa pili. Sasa hapa wa pili alikumbuka, akanyamaza." Mkuu akazima kinasa. "Mkaguzi atakuja kukaa nyuma yake. Akikubali tena jambo la kukataliwa, hata mara moja, leseni yake inachukuliwa, na hilo haliko mikononi mwangu."

"Mtuweke zamu tofauti."

"Kwa watu gani? Mmoja yuko masomoni, mwingine mgonjwa. Nikupandishe mimi na hili tumbo?"

Jioni ya siku hiyo mzee alikwenda kwa mwanawe pamoja na mkewe. Baada ya kula alivuta kiti, akamketisha mkwe upande wa pili wa meza.

"Haya. Mimi niko juu, wewe uko chini. Nakuomba kitu kibaya. Niambie hapana."

Mkwe akaziba mdomo kwa kiganja.

"Si kucheka. Niambie hapana, Baba."

"Baba, siwezi."

"Hiyo 'siwezi' mbona umeisema vizuri? Hapana ni fupi zaidi."

Mwanawe alikuwa amelala kochini. "Mimi naambiwa hapana kutwa nzima, na hakuna aliyemfundisha."

"Wewe unastahili," mama mtu akamkata. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe unamwonea mtoto wa watu. Mimi baba yako alipokuwa hai nilimwambia hapana lini? Alikuwa ananywa chai yangu ya chumvi na mimi namtazama, eti yeye ndiye aliyesema chumvi iko kwenye kopo la bluu."

"Chai haianguki na watu ndani," mzee akasema.

Kicheko kikaisha. Mkwe akanyanyua macho, mara moja, akayarudisha mezani.

"Nikiwa nakusikia mwalimu, naweza," akasema. "Lakini ukianza kuongea namsikia baba wa mume wangu. Mdomo unakuwa mzito wenyewe. Silali, Baba. Kazi hii naipenda kuliko..." Akamtazama mumewe, akaliacha neno hapo.

"Malizia tu," mume akasema. "Nimeshajua."

"Basi kule usiniite Baba," mzee akasema. "Niite Mnara. Na shikamoo yako uiache getini."

"Sawa, Baba."

Kwa siku kadhaa ikawa Mnara. Ikawa "Sawa, Ba... Mnara," na Twiga pembeni anakata mbavu. Mzee akawa mwangalifu kupita kiasi. Alihesabu kichwani kila ndege ya upande wa chini kabla ya kuomba chochote, akaandika kiganjani kwa kalamu, akaomba yale tu ambayo hayana shaka. Mkwe akakubali, na ilikuwa haki kukubali. Mkaguzi, mwanamume mwenye viatu vya kung'aa na kikohozi kikavu, alikaa nyuma ya kiti chake akaona kila kitu ni shwari.

Lakini mzee alijua kwamba hivyo si kazi. Alikuwa anabeba upande wake na upande wa mkwe. Siku akisahau tena, na atasahau, huko chini bado hakuna wa kumzuia.

Ikaja asubuhi moja yenye upepo wa kubadilikabadilika. Twiga alikuwa kiti cha pili, anashughulika na ndege zilizo chini na magari. Rubani mmoja aliyekuwa tayari kuruka akaomba aruke kwa upande wa pili wa njia, akidai ni karibu na anakokwenda na atapunguza mafuta. Upande huohuo mkwe alikuwa anashusha ndege ya mizigo, inakuja uso kwa uso, na alikuwa amemweleza mzee habari zake muda si mrefu. Jibu lilikuwa wazi. Lakini kwa taratibu, ombi la rubani hulikatai wewe wa juu kwa niaba ya wa chini. Unalipeleka, yeye ndiye mwenye rada, anajibu.

Mzee akabonyeza simu. "Rubani anaomba aruke upande wa pili."

Kimya.

Mzee alikisikia kimya kile, akakitambua. Ndani ya kimya hicho alisikia kikohozi cha mkaguzi na kiti kikilia. Alijua mkwe anaitazama nukta ya ndege ya mizigo. Alijua anajua. Na alisikia pumzi ikivutwa, ile pumzi ya kuitika.

"Sa..."

"Futa ombi," mzee akasema haraka. "Nimelifuta. Rubani atangoja."

"Ombi limefutwa," mkwe akarudia.

Twiga alikuwa ameacha kuandika. Hakufanya utani.

Mzee akakaa akiutazama mkono wake uliokuwa bado juu ya kitufe. Kisha akavua vifaa vya masikioni.

"Twiga, njoo kiti hiki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Njoo upokee."

Walipokezana kama inavyotakiwa. Alimwelezea ndege moja baada ya nyingine: iliyo hewani, iliyo chini, inayokuja, upepo ulivyo, na trekta lile liko wapi. Twiga akazirudia zote. Alipokosea jina la moja, mzee alimsahihisha, naye akarudia tena. Wakabadilishana viti. Mzee hakukaa kwenye kile cha pili. Alisimama nyuma, anachukua koti lake kwenye msumari.

Rubani aliyetaka upande wa pili hakuwa amekata tamaa. Akaomba tena, safari hii kwa kubembeleza. Twiga akabonyeza simu.

"Yule jamaa bado anataka upande wa pili. Unasemaje?"

"Haiwezekani." Jibu lilitoka hapohapo kwenye spika, kali, halikuvuta pumzi. "Nina mzigo unakuja usoni kwake, hauoni? Angoje utue. Na mwambie kuuliza mara mbili hakubadilishi upepo."

"Yesu wangu," Twiga akasema, akamgeukia mzee. "Huyu ana mdomo kuliko mimi!"

"Nilimfundisha mimi," mzee akasema.

"Sasa unakwenda wapi? Chai?"

"Mwambie mkuu kwamba nimekukabidhi kila kitu. Rudia."

"Umenikabidhi kila kitu," Twiga akasema. Kisha akaelewa, kwa maana alikodoa macho, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Redio ilikuwa inamwita. Ikabidi ageuke aijibu.

Mzee alishuka ngazi taratibu, mkono ukiteleza kwenye bomba la pembeni. Huko chini mlango wa chumba cha rada ulikuwa umefungwa, lakini ulikuwa mwembamba, na sauti ya mkwe ilipita. Alikuwa anamwambia mtu apande, mwingine asubiri, mwingine hapana. Kikohozi cha mkaguzi kilisikika mara moja tu. Mzee alisimama kidogo, akaukunja mkono wa kugonga, akaupitisha kwenye koti.

Baadaye mkuu alipiga simu nyumbani siku kwa siku. Mke wa mzee ndiye aliyepokea, akasema mzee yupo, anarekebisha bawaba ya mlango, na amesema asante. Mkuu mwenyewe alipanda mnarani na tumbo lake, akapumzika katikati ya ngazi, mpaka walipoletewa mtu mwingine. Mkaguzi alimaliza kazi yake, akafunga mkoba, akaondoka, na leseni ikabaki na mwenyewe.

Lakini siku ile mzee alitoka kwenye jua, akapita penye magari ya zimamoto, akafika getini. Mlinzi akamtazama, akatazama saa ya ukutani.

"Mzee, leo mapema hivi?"

"Mapema."

"Kesho basi."

Mzee alimpa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mlinzi akaupokea akicheka bila kujua anachocheka. Ndege ya mizigo ilikuwa inashuka wakati huo, na baada yake yule rubani mbishi akaruka kwa upande aliopangiwa. Mzee hakunyanyua kichwa. Alivuka barabara, akaingia kwenye watu, na mnarani hakupanda tena.